Pamba ya Njiani

Jirani yangu hapa Majengo, mama mmoja anayeuza vyombo mlango wa pili kutoka duka langu la vitambaa, ndiye aliyeniambia ninunue pamba. Alishapanda ndege mara moja kwenda kumwona mwanawe Dar es Salaam, na tangu siku hiyo amekuwa mtaalamu wa ndege. "Dada, masikio yatakuuma mpaka utatoa machozi. Weka pamba." Nikavuka barabara hadi duka la dawa, nikapewa bunda lililofungwa kwa karatasi ya buluu, nikarudi nalo dukani. Nilipoichana tu ile karatasi, harufu kavu ya pamba mpya ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa juu ya majora ya vitenge. Mteja akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, ni vumbi tu.

Wiki ijayo nakwenda Misri. Parokia yetu imeandaa hija ya kufuata nyayo za Familia Takatifu, huko Yosefu alikomkimbizia Maria na Mtoto wasije wakauawa na Herode, na mimi nimo katika msafara. Wanajumuiya wenzangu wamefurahi kuliko ninavyostahili. Wananiona nimeongoka, maana mimi si mtu wa viti vya mbele kanisani. Sijawaambia kwamba katika ratiba yote ile kuna asubuhi moja tu ninayoisubiri, ya kwenda kwenye makumbusho ya Kairo kutazama sanaa za Wamisri wa kale, na kwamba nimeisubiri tangu nikiwa mtoto wa kufukuza kuku kwetu Kizwite. Humo kuna uso wa mwanamke ninayemjua. Binti yangu aliutafuta kwenye simu kwa maelezo yangu akaupata, akaniambia, "Mama, njoo umwone, yupo Kairo kweli." Nikageuka ukutani nikamwambia azime simu yake. Alinishangaa.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Ushonaji alijifunza kwa masista, akaendelea kuwashonea vitambaa vya altare, na sista mmoja mzee akampa kalenda ya kwao Ulaya ambayo mwaka wake ulikuwa umekwisha. Kurasa zake ngumu Mama alizikata zikawa vipimo vya kola na mikono ya mashati. Alibakiza ukurasa mmoja tu, akaupigilia misumari ukutani juu ya kitanda. Ulikuwa na uso wa mwanamke. Ngozi yake ilikuwa na rangi ya chungu kilichoiva motoni, nywele zimegawanywa katikati, hereni za dhahabu masikioni, na macho makubwa mno, meusi, ambayo yalikufuata popote ulipokwenda chumbani. Pembeni, chini, kulikuwa na kipicha kidogo cha mapiramidi.

Sista alikuwa amemweleza Mama habari yote. Mwanamke yule alikuwa wa Misri ya zamani sana. Mchoraji alimchora juu ya ubao, na yule mwanamke alipokufa, ubao ule ukafungwa juu ya uso wake pamoja na sanda, ili huko aendako atambulike. Hayo ya sanda Mama hakuniambia, niliyasikia ukubwani kwa dada yake. Mimi aliniambia ni mwanamke wa Misri, basi.

Bibi mzaa mama alipohama shamba akaja kukaa nasi, aliingia chumbani, akamwona, akapiga ishara ya msalaba. "Tumsifu Yesu Kristo. Mama Maria!"

"Si Maria huyo, Mama," mama yangu akamwambia. "Ni mwanamke wa Misri tu."

"Na Mama Maria alikimbilia wapi?"

Mama akarudi kwenye cherehani yake. Kesho yake rozari ya Bibi ilikuwa inaning'inia kwenye msumari, na ua la plastiki limechomekwa pembeni. Tangu hapo kila jioni tulipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, baridi ya Ufipa ikitupanda magotini, tukamsalia Salamu Maria mwanamke ambaye sidhani kama aliwahi kusikia jina hilo. Mama alisali nasi. Nilikuwa nikimwona mabega yakimcheza, anacheka kimoyomoyo.

Hata yale mapiramidi Bibi aliyapatia maelezo. Mliokulia kwetu mnajua tunavyolima. Mvua zikikaribia kwisha unalikatua shamba kwa jembe, unazikusanya nyasi na kuzifunika udongo, linakuwa tuta la mviringo, ntumba, na uwanda mzima unajaa vichuguu. Nyasi zinaozea humo ndani. Juu yake unapanda maharage, na mvua nyingine zikifika unalibomoa tuta, unalitawanya, unapanda ulezi au mahindi. Basi Bibi alikitazama kile kipicha akatikisa kichwa. "Kumbe na hao ni wakulima. Ila matuta yao makubwa namna hii, mvua ikifika watayabomoa saa ngapi?" Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, kwa kuwa kila kitu alichosema juu ya kilimo kilikuwa kweli.

Safari ya Misri ilizaliwa kwenye cherehani. Mama alikuwa anakanyaga, mimi nimekaa sakafuni karibu na miguu yake naokota vifungo, naye anazungumza. "Iko siku tutakwenda kumwona mwenyewe. Mimi na wewe."

"Na Bibi?"

"Bibi atabaki na kuku."

Niliwatangazia watoto wote wa mtaa. Walinicheka, lakini walitaka kujua tutapita wapi, nami nikawapangia njia: kwanza Mbeya, kisha baharini, kisha tutauliza. Mama nilimuuliza kwa nini anataka kwenda mbali hivyo kwa ajili ya picha ambayo tayari tunayo. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Huyu mtu alikaa, na mwenzake akakaa mbele yake akamtazama. Akamtazama mpaka akammaliza. Mimi nataka nione kazi ya mtu aliyemtazama mwenzake hivyo." Akakanyaga tena, akasema kwa kucheka, "Mimi hakuna aliyewahi kunitazama namna ile." Baba yangu alikuwa Mpanda na mke mwingine, na hilo ndilo neno la mwisho nitakalosema juu yake. Mimi nilikuwa pale pale miguuni pa Mama, nimeinua kichwa, namtazama yule wa ukutani.

Kiangazi kile upepo ulivuma bila kuchoka na kifua cha Mama kikaanza. Kikohozi kilianza kama kikohozi cha watu wote wa Juni, ila cha wengine kiliisha. Alipungua. Mikono yake ikapotea ndani ya nguo alizojishonea mwenyewe. Cherehani ikafunikwa shuka. Mama mkubwa, dada yake, akapanda kutoka Muze, kule bondeni, akaja kukaa, na usingizini nilikuwa nawasikia yeye na Bibi wakinong'ona Kifipa ambacho kwa kawaida walikisema kwa sauti.

Mimi nilikuwa naona maandalizi. Kitenge kizuri alipewa jirani. Mkasi mkubwa alipewa msichana aliyekuwa akijifunza kwake. Mama aligawa vitu vyake kimoja kimoja akiwa amelala, anaonyesha kwa kidole, na kila aliyepokea alipokea kwa mikono miwili akatoka haraka. Nilielewa vizuri sana. Mtu anayekwenda mbali habebi cherehani. Nilichokuwa nasubiri ni kuambiwa zamu yangu ya kufunga mizigo.

Kisha akaja katekista, mzee mpole mwenye koti la mvua alilolivaa hata kukiwa na jua. Alikaa na Mama, akatoka, akasimama mlangoni na Bibi. Nilikuwa nyuma ya mlango. "Padri anakuja kesho asubuhi," akasema. "Atampa mpako wa wagonjwa, na pamba ya njiani."

Siku hizi nalijua neno hilo. Pamba ni chakula anachofungiwa msafiri, na wazee wetu wa Kikatoliki waliita hivyo komunyo anayopewa mtu anayekaribia kufa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa fundi cherehani. Pamba niliyoijua ni ile nyeupe ya kujazia mito, na ile ya zahanati wanayokupangusia kabla ya sindano. Nikamfuata Bibi jikoni.

"Bibi, mama anasafiri?"

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta. "Anasafiri, mwanangu."

"Anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwake Mama Maria."

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Maria yuko ukutani, na wa ukutani yuko Misri. "Na mimi?"

"Wewe bado. Zamu yako haijafika."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile tena maishani, hata nilipoachwa na mume. Nilikwenda nikasimama kando ya kitanda, sikumwamkia. "Ulisema tutakwenda wote."

Mama akanitazama. Naamini alidhani nimeambiwa yote. "Yustina. Ningekuwa na uwezo, nisingekwenda."

"Basi usiende! Au nisubiri nikue kidogo, twende wote. Utamwona peke yako, utaona vile walivyomchora macho, na mimi sitaona."

Hapo ndipo alipoelewa. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha machozi yalikuwa yanamtoka yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Angeweza kuniambia ukweli. Nimeshamkasirikia kwa hilo, nikamsamehe, nikamkasirikia tena. Alinishika mkono, mkono wake wa moto. "Njia ni ndefu. Wewe kula kwanza, ukue. Utakuja baadaye."

"Padri anakuletea pamba. Mimi nitaletewa na nani?"

Akafumba macho. "Uje na yako," akasema. "Mimi nitakusubiri mlangoni."

Padri alikuja asubuhi kama alivyosema katekista. Niliruhusiwa kupiga magoti kwenye kona. Niliona mafuta kwenye paji la uso na viganja, niliona mshumaa, niliona kile kipande chembamba cheupe kikiwekwa kwenye ulimi na Mama akihangaika kukimeza kwa maji ya kijiko. Nilingoja. Padri akakunja stola yake, akatia vitu vyake mfukoni, akaondoka. Sikuona pamba yoyote. Moyo ukanitulia kabisa. Padri alikuwa amesahau pamba, na bila pamba Mama hawezi kuondoka. Jioni ile nilikula ugali wote bila kusukumwa, nikamlalia Bibi mgongoni, nikalala usingizi wa mtoto aliyeshinda kesi.

Niliamshwa na watu wengi. Nyumba ilijaa wanawake, kanga zimefungwa viunoni, na moto umewashwa nje kukiwa bado na umande. Hakuna aliyenizuia kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Niliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetolewa, Mama amelazwa mkekani na shuka jeupe hadi kidevuni, na kitambaa kimefungwa kichwani kupita chini ya taya. Puani mwake, pande zote mbili, mlikuwa na pamba.

Ilikuwa imefika. Imeletwa nimelala. Naapa sikuona uso, niliona pamba tu, na hilo nitalijutia mpaka na mimi nitiwe yangu.

Niliuchukua mto wangu, ule Mama alionijazia mwenyewe, nikauchana mshono kwa meno. Nikavaa gauni la Jumapili na viatu. Nikajitia pamba puani, nikaisukuma kwa kidole mpaka ikauma, nyingine nikaifumbata mkononi ya akiba, nikalala mkekani kando yake upande wa ukuta, ambako ndiko nilikozoea kulala. Alikuwa baridi kuliko sakafu. Nilimwambia niko tayari. Nilikuwa napumua kwa mdomo.

Mwanamke wa kwanza kuniona alipiga yowe ambalo waombolezaji wa nje walidhani ni la kilio, wakalipokea. Mama mkubwa ndiye aliyenibeba. Alinitoa uani, akanikalisha kwenye mapaja yake, akazitoa zile pamba kwa kucha zake mbili, polepole, zikatoka na damu kidogo.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Mama. Amesema nije na yangu."

Mama mkubwa ni mwanamke mgumu. Amezika mume na watoto huko Muze na sikumwona akilia. Siku ile alikaa chini kwenye vumbi la uani na mimi nikiwa bado mapajani, akalia mdomo wazi, mpaka wanaume waliokuwa kwenye benchi wakainuka wakahamia upande wa pili wa nyumba.

Kabla jeneza halijafungwa Bibi aliingia chumbani, akang'oa misumari, akauleta ule ukurasa. Karatasi ilikuwa imepauka ukutani, macho tu ndiyo yalibaki meusi vile vile. "Mama Maria amsindikize," akasema, akaulaza juu ya uso wa mtoto wake. Hakujua kusoma, hakuambiwa habari ya sanda na ubao, na akafanya kile kile walichofanya Wamisri. Isipokuwa wao walimfunika kila mtu kwa uso wake mwenyewe.

Makaburini walirundika udongo. Likawa tuta, na mimi peke yangu kati ya watu wote wale sikulia, kwa sababu nilijua matuta yanafanyiwa nini. Nilisubiri mvua. Mawingu ya kwanza yalipokuja kutoka upande wa ziwa nilimfuata Bibi shambani, nikamtazama akiyabomoa matuta yake yote, na nikamuuliza lini tutakwenda kulibomoa la Mama. Bibi aliegemea jembe. Alinieleza, kwa maneno machache, kwa Kifipa. Ndipo nikalia, na wanasema nililia mpaka shule ikafunguliwa.

Picha ya Mama haipo. Ile moja aliyopiga na baba ilikwenda Mpanda ndani ya mfuko wa shati na haikurudi. Lakini sikuwa na shida, kwa maana uso wake nilikuwa nao. Nilikuwa nao nilipobatiza watoto wangu, nilipofungua duka, nilipomzika Bibi: nywele zimegawanywa katikati, macho makubwa meusi yanayonifuata. Miaka yote nilimwona hivyo na nikafarijika. Mashaka yalianza mwaka huu, nilipoandikisha jina kwenye hija. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo najifunga kilemba, nikajiuliza kwa nini namkumbuka mama yangu akiwa amevaa hereni za dhahabu. Mama hakuwa na hereni. Hakuwa hata na matundu masikioni.

Juzi Mama mkubwa amepanda kutoka Muze kuja kuniaga. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini mdomo haujazeeka. Nilimwamkia, akaitika, akanisukumia mfuko wa karanga za kukaanga. "Chukua, hii ndiyo pamba yako ya njiani. Huko kwa Farao sijui kama wanakula." Wote wawili tulilisikia lile neno. Nikaona nikimwacha aondoke bila kumuuliza, sitamuuliza tena.

"Mama mkubwa, mama alikuwa na sura gani?"

"Leokadia?" Alicheka. "Alikuwa na vimacho vidogo! Vidogo hivi. Akicheka vinapotea kabisa, tukawa tunamtania, wewe, fumbua macho usije ukajikwaa."

"Una hakika?"

"Nimembeba mgongoni, halafu unaniuliza hakika."

"Na mimi nimefanana naye wapi?"

Alinitazama kwa muda, akiwa na nia njema kabisa. "Wewe ulichukua kwa baba yako, mwanangu. Kwake hukuchukua hata ukucha."

Tangu juzi najaribu. Nikikosa mteja nafumba macho hapa kwenye majora, naviita vile vimacho vidogo vinavyopotea kwa kicheko, na haviji. Anakuja yule mwingine, na hereni zake, ananitazama kwa subira ya mtu aliyezoea kuitwa jina lisilo lake. Sasa naelewa kwa nini niliiogopa simu ya binti yangu. Nilijua, nadhani nilikuwa nimejua siku zote.

Hata hivyo nakwenda. Karanga na pamba nimezifunga pamoja ndani ya begi. Wenzangu watakuwa wanasali mahali Maria alipopumzika, na mimi nitasali nao, lakini asubuhi ile ya makumbusho nitasimama mbele ya yule mwanamke, nimtazame mpaka nimmalize, maana Mama alitaka hivyo. Kisha nitamwambia auchukue uso wake, tuliuazima kwake bila kumwomba. Najua akiuchukua, chini yake nitakuta patupu. Patupu hapo ndipo pa mama yangu.